Mafundi wa milango Lamu: mbona mitaa mingine ya kazi hudumu na wetu unapungua?

FundiWaLangoni:

Assalaam alaykum wote.

Mimi ni fundi wa milango na makasha, Langoni hapa Lamu. Karakana niliirithi kwa baba, naye aliirithi kwa ami yake. Utotoni, nikitoka chuoni alasiri, nilikuwa nikizihesabu karakana za kichochoro chetu: kumi na moja, ukuta kwa ukuta. Ukikosa patasi ya nusu inchi ulipiga hodi kwa jirani ukaipata. Ukiwa na mlango mkubwa wa kusimamisha uliita mara moja tu, wakaja watu wanne na vumbi la mbao limewakaa nyusini. Leo tumebaki sita, na wawili kati yetu wamegeuza nusu ya karakana kuwa duka la soda na kadi za simu.

Nitaeleza mambo mawili yanayoniuma, halafu niulize.

La kwanza ni milango ya Nairobi. Mwaka jana jirani yetu alipata oda ya milango miwili ya nakshi. Mteja alikuwa na haraka, na mbao ya mbambakofi iliyokuwapo ilikuwa mbichi. Akaichonga vivyo hivyo. Ilipendeza, wallahi, sote tuliipiga picha kabla haijashuka jeti. Miezi mitatu baadaye picha nyingine ikarudi kwenye simu: mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, umepinda, na ubao mmoja umepasuka kutoka chini hadi usawa wa kifua, ufa wa kuingia ukucha. Nairobi hewa ni kavu, hapa kwetu ina maji. Mbao ambayo haijakauka sawasawa ikifika kule husinyaa, na ikisinyaa lazima ipasuke. Yule mteja hakusema fulani kaniharibia. Alisema milango ya Lamu hupasuka. Akawaambia na wenzake. Mimi nilipoteza oda ya kasha na kitanda cha samadari kwa watu ambao hawajawahi hata kuishika kazi yangu.

La pili ni mashine ya randa. Mradi mmoja ulituletea, ya sote. Tulishangilia. Ikawekwa stoo, ufunguo kwa mtu mmoja, kila mtu akipiga randa bure. Mkanda ulipokatika hakuna aliyenunua mwingine. Huu ni mwaka wa nne iko chini ya turubai.

Sasa kuna pendekezo la kutuhamishia mabanda mapya nje ya mji, yenye stima na nafasi. Nusu yetu wanataka, nusu hawataki. Swali langu: mitaa ya kazi iliyodumu, ya mabati, ya vinyago, ya vyombo vya bahari, iliwezaje? Tafadhali msiniambie umoja ni nguvu, hiyo naijua tangu chuoni. Nataka kujua ni kitu gani hasa watu walifanya, nani alishika ufunguo, nani alilipa, na palipoharibika paliharibika wapi.

---

TezoYaMatondoni:

Wa alaykum salaam mwanangu. Kama wewe ni mwana wa yule ninayemdhania, babako alikuwa akija kwetu Matondoni kutafuta vipande vya mbao vilivyobaki kwenye mataruma, mbavu za chombo, na hakuwahi kuondoka bila kukaa kunywa kahawa.

Mimi ni mtengeneza vyombo vya bahari, miaka arubaini na kitu. Nitakwambia kilichotuweka sisi hapa, na si majahazi mapya. Jahazi jipya huja mara moja na kupita, na siku hizi wenye pesa wanataka boti za faiba. Kinachotulisha ni marekebisho. Kila chombo cha mbao lazima kipandishwe wakati wa bamvua, maji makuu, kikwanguliwe, kichomwe kwa makuti ili wadudu wafe, kitiwe kalafati, pamba ya kuziba nyufa, palipolegea, kisha kipakwe deheni ya kuzuia maji. Hilo halina msimu wa watalii. Mvuvi asipolifanya chombo chake kitaliwa na wadudu wa bahari wanaotoboa mbao, na yeye anajua. Kwa hiyo hata miaka ile mibaya, baada ya mashambulizi ya 2014 watu walipoogopa kuja Lamu, nyundo hapa hazikunyamaza kabisa.

Nyinyi wa milango mmejizoesha kungoja oda kubwa ya mgeni. Mji mzima huu una milango ya kale, umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na kila kizingiti cha chini kinaliwa na mchwa na maji ya mvua. Nani kati yenu anapita nyumba kwa nyumba akasema, nipe mlango wako niutie kizingiti kipya? Hapana. Mwaiona ni kazi ndogo.

Jambo la pili ni wanafunzi. Kwetu kijana huanza na kusokota pamba ya kalafati na kuichovya mafuta ya nazi. Anasokota mpaka vidole vinajua vyenyewe bila jicho. Halafu anashika misumari, halafu keekee ya kutoboa, na tezo ya kuchongea huja mwisho. Na fundi mwenzangu hamchukui mwanafunzi wangu katikati ya kazi kwa kumwongezea shilingi mia. Akimchukua, siku atakayotaka watu wa kusukuma chombo majini atasukuma peke yake. Haikuandikwa mahali, lakini kila mtu aijua. Nyinyi nasikia mwanyang'anyana vijana. Basi nani atamfundisha kijana kwa miaka mitano ikiwa wa pili atamvuna?

Kisha usidhani ufundi wetu unakwisha kwa sababu mbao zinakwisha. Ile Flipflopi, jahazi ya plastiki iliyotumbukizwa majini hapa 2018 na ikasafiri hadi Zanzibar 2019, iliundwa na mafundi wa Lamu kwa mikono iliyozoea mbao. Plastiki ilikatwa ikaungwa kama mkuku, uti wa chombo, na mataruma. Kitu kilibadilika, mkono haukubadilika.

---

MamaMuyeye:

Salaam kutoka Malindi. Mimi si mchongaji, naweka daftari la kikundi cha wachongaji wa vinyago. Babu yangu alitoka Wamunyu, Ukambani, na nyumbani tulilelewa na habari za Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga kwa Wazaramo kule Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza, akarudi na kuanza kuchonga kwao. Majirani wakamwangalia, wakajifunza. Mtu mmoja tu, na hadi leo vinyago vinauzwa pwani nzima na nje. Kwa hiyo kuigana si dhambi. Kuna mahali kunapojenga na mahali kunapobomoa, na hapo ndipo nataka kukaa kidogo.

Ile habari ya mlango uliopasuka imenigusa kwa sababu sisi ilitupata na viboko. Ndiyo, wanyama viboko, wa kukalia watoto. Zamani wachongaji wa huku walikuwa na muhugu, mti mgumu mzuri, mwingi ukitoka upande wa Arabuko-Sokoke. Ulikatwa mpaka ukawa adimu. Tukahamia mwarobaini na mwembe, miti ya mashambani, na mwarobaini una baraka yake: ukiukata huchipua tena, na mwenye shamba anapata chake. Lakini mwarobaini mbichi ukiuchonga leo, kesho asubuhi kiboko ana ufa mgongoni. Watu wakawa wanajaza ufa kwa gundi na unga wa mbao, wanapaka rangi ya viatu juu, wanauza. Mnunuzi anagundua akiwa kwake Ulaya.

Tulichofanya ni hiki. Kila mwanachama ana namba. Namba huchongwa chini ya kila kitu, hata kijiko. Kitu hakiingii rafu ya duka la pamoja kabla ya kukaguliwa na watu wawili, na wakaguzi hubadilika kila mwezi ili asiwepo mtu wa kuchukiwa daima. Kikirudishwa na mteja, gharama inatoka kwa mwenye namba, si kwa kikundi. Mwezi wa kwanza tulipoanza, wazee wawili waliondoka kwa hasira. Mmoja alirudi.

Na ghala. Hapa usinipite haraka, mwanangu. Tunanunua magogo kwa pamoja, tunayapasua, tunayapanga kivulini na fito katikati ili hewa ipite, ncha tunazipaka rangi zisikauke kabla ya kiini. Kila rundo lina tarehe. Nyinyi mnaofanya mbao nene za milango mtahitaji subira zaidi yetu: wazee husema inchi moja ya unene mwaka mmoja, na kwa hewa ya pwani msitegemee chini ya hapo. Fundi mmoja peke yake hawezi kulaza pesa zake kwenye mbao mwaka mzima, ana watoto wa shule. Ndiyo maana jirani yako alichonga mbichi. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na mbao kavu. Sita mkichanga, inawezekana.

Ufunguo wa ghala letu ninao mimi, nisiyechonga. Nalipwa kidogo kila mwezi kwa kazi hiyo. Kukiwa hakuna malipo ufunguo hugeuka kuwa cheo, na mtu mwenye cheo haandiki daftari.

Paliharibika wapi? Kwenye madereva na vijana wa ufukweni. Baadhi yetu walianza kuwapa kamisheni ili walete wageni kwao tu, mwingine akaongeza, mwingine akaongeza zaidi, mpaka kinyago cha elfu mbili, nusu inakwenda kwa aliyekileta kichwa cha mteja. Halafu Machi 2020 ndege zikakatika, Waitalia hawaji, na waliokuwa wakiishi kwa wale madereva hawakuwa na anwani ya mteja hata mmoja. Sisi wenye daftari tulikuwa na majina ya maduka machache ya Nairobi. Tuliuza vijiko na bakuli za saladi. Pesa ndogo, lakini hatukufunga.

---

KijanaShela:

Kwa heshima zote, mimi nauza viti vya Lamu kwa picha za simu. Sina karakana, napeleka oda kwa fundi yeyote aliye tayari. Kwa nini mng'ang'anie kukaa pamoja? Mteja siku hizi haji kichochoroni.

---

BatiNaNyundo:

Kijana, unapeleka oda kwa "fundi yeyote" kwa sababu kuna mtaa ambapo unawapata sita kwa dakika kumi, ukakosa kwa mmoja ukaingia kwa wa pili. Wakitawanyika, simu yako itakuwa na picha za viti ambavyo hakuna wa kuvitengeneza.

Nilikaa Kamukunji, Nairobi, miaka tisa nikitengeneza masanduku ya shule, sasa niko Mombasa. Kamukunji ni mahali pa kujifunza kwa uzuri na kwa ubaya. Rais Moi aliwatembelea mafundi wale mwaka 1985 wakiwa wanapigwa na jua, na vibanda vikaja baada ya hapo. Lakini vibanda havikuuleta mtaa. Mtaa ulikuwapo tayari, kwa sababu chuma chakavu kilikuwa karibu, stendi na masoko yalikuwa karibu, na mteja wa mashambani alikuwa akishuka basi hapo hapo. Fundi Langoni, hili ndilo jibu langu kuhusu mabanda mapya. Angalia Muthurwa. Soko lilifunguliwa 2008 ili wachuuzi watoke katikati ya jiji, na wengi walirudi barabarani kwa sababu mguu wa mteja haukuwafuata. Kwenu mguu unapita Langoni. Kama kuna kazi ya kelele na vumbi, kupasua magogo na kupiga randa, hiyo ipelekeni kwenye mabanda. Nakshi ibaki kichochoroni, mpita njia aione patasi ikitembea.

Kitu ambacho watu wa nje hawakioni Kamukunji ni mgawanyo. Sikuwahi kununua bati zima nilipoanza. Kuna anayekuuzia robo ya bati. Kuna mwenye mashine ya kukunja, unamlipa kwa kila mkunjo. Kuna mchomeleaji, kuna wa rangi, kuna anayeuza bawaba peke yake. Kijana mwenye nyundo na elfu chache anaweza kuanza asubuhi na kuwa na sanduku jioni. Mashine ya kukunja si ya kikundi, ni ya mtu. Ikiharibika leo usiku anaitengeneza, kwa sababu kesho hana mapato. Mashine yenu ya randa ilikufa siku ilipokuwa ya sote na bure. Mpeni mmoja wenu aimiliki, awatoze kwa futi, na muandikiane kwamba hatamkatalia mtu.

Ubaya wetu ulikuwa kwamba sote tulitengeneza kitu kilekile. Januari watoto wakienda bweni, masanduku elfu na elfu, rangi moja, ukubwa mmoja. Kilichobaki ni kushindana kwa bei, na ukishusha bei unapunguza unene wa bati. Sanduku linabonyea likiwa kwenye basi. Tulijaribu kukubaliana bei moja mara mbili, na mara zote mbili ilivunjwa kabla ya wiki kwisha, kwa hiyo usipoteze muda huko. Kubalianeni unene, kwenu ukavu. Bei kila mtu atajua mwenyewe.

Nimalizie na mji mmoja wa mbali kwa sababu unafanana sana na kisa chako cha Nairobi. Sialkot, Pakistan, wanatengeneza vifaa vya upasuaji na mipira, viwanda vingi vidogo vidogo vilivyokaa pamoja. Mwaka 1994 Marekani iliwazuilia vifaa vyao kwa sababu ya ubora. Hawakuzuiliwa wale wabovu tu, jina la mahali ndilo lililozuiliwa. Watu waliokuwa wakinyang'anyana wateja walilazimika kukaa chini ya chama chao, kwa msaada wa serikali yao wakaleta wa kuwafundisha viwango, na mauzo yakarudi. Baadaye wafanyabiashara wa mji huo walichanga wenyewe wakajenga uwanja wa ndege, ukaanza kazi 2007. Mipira ya Kombe la Dunia la 2014 ilitengenezwa huko, vipande vikiunganishwa kwa joto bila kushonwa. Wanashindana mpaka leo.

---

TezoYaMatondoni:

Huyu wa mabati amesema neno juu ya mashine ambalo sikulipenda mwanzo, nimelala nalo, naona ni kweli. Kwetu msumeno mkubwa ni wa mtu, na wote wautumia.

---

FundiWaLangoni:

Nimewasoma mara tatu. Nimemsomea na mama, ambaye amecheka aliposikia mzee anavyomkumbuka baba. Ndiye mwenyewe.

Jumamosi baada ya alasiri tulikaa watano kati ya sita. Wa sita hakuja, na ndiye aliyechonga milango ile. Nilimfuata nyumbani usiku. Nilitegemea ugomvi, kumbe mtu amekuwa akijificha kwa aibu. Aliniambia maneno yaleyale ya Mama Muyeye, hakuwa na mbao kavu na alikuwa na karo ya kulipa. Amesema atachangia, ila hataki kukaguliwa na watu waliomcheka. Hilo bado hatujalimaliza, na sidhani litamalizwa kwa kikao kimoja.

Tuliyokubaliana: mashine inakwenda kwa mmoja wetu, mdogo kuliko sote, ambaye tayari amepima mkanda. Atatutoza kwa futi, na itakaa kwenye banda jipya kama litajengwa. Sisi hatuhami. Ghala ni ua wa nyuma wa nyumba ya shangazi yangu, wenye paa na ukuta wa matumbawe pande tatu, tutamlipa kodi. Ufunguo kwa binti wa jirani anayefundisha hesabu shule ya msingi. Fundi mmoja aliuliza kwa nini mwanamke, mwingine akamjibu kwa sababu hachongi.

Kuhusu namba, tumekubali kwa makasha na viti. Kwa milango wazee wawili wanaona ni kuiharibu nakshi. Mimi naona inaweza kukaa kwenye ukingo wa juu wa mlango, ambapo hakuna jicho linalofika ila la fundi anayeutoa. Nitalirudisha.

Mzee, nimeanza na vizingiti. Nyumba tatu za Mkomani wiki hii, moja mchwa wameacha ganda tu la rangi. Ni kazi ndogo kama ulivyosema, na wamelipa siku ileile. Mwanafunzi wangu ndiye aliyetoa kizingiti cha zamani, na ndani tulikuta alama ya patasi ya mtu asiyejulikana tena, amekata kiungo kwa namna ambayo sijawahi kufundishwa. Tumekichora kwenye karatasi kabla ya kukitupa.

Mbao za kwanza, mbambakofi na mwembe, zinavuka kutoka Mokowe wiki ijayo. Mama Muyeye, naomba picha ya ukurasa mmoja wa daftari lenu, nione mistari mlivyoichora.

---

MamaMuyeye:

Nimekutumia. Safu ya tatu ni tarehe rundo lilipoingia. Watakuomba uiache wazi, eti watajaza baadaye. Usikubali hata siku moja. Na zikishuka, zile nyembamba zipange upande wa mlango, ndizo mtakazozitoa mwanzo.

---

TezoYaMatondoni:

Yeo jioni namtuma kijana kwako na fito za mkoko zilizobaki, za kuweka katikati ya mbao. Usimlipe.